Waliniita Chai ya Rangi, kumbe ni maji ya nyumbani!

Kabla hatujafika mbali, hebu cheka kidogo. Cheka tu, hakuna anayekuona. Umefungua mdomo wote bila wasiwasi? Basi una bahati yako. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nacheka na kiganja mdomoni kama bi harusi wa zamani.

Meno yangu ni ya kahawia. Siyo umanjano wa mtu mvivu wa mswaki, la hasha! Ni kahawia iliyokolea, ina mistari na vishimo vidogo vidogo, na imekolea zaidi kwenye yale ya mbele ambayo ndiyo kila mtu anayaona. Sigara sivuti. Mirungi sijawahi kutafuna. Mswaki napiga asubuhi na usiku, tena kwa hasira.

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, kimji kilichopo kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishaipita Usa River. Jina limetokana na mto wenye maji ya rangi kama chai. Pale kwetu wengi wana meno kama yangu, kwa hiyo sikujua kama nina kasoro hadi nilipokwenda Dar kusoma. Wiki ya kwanza tu hosteli, mshikaji mmoja akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia. Akanitazama mdomoni, akaangua kicheko, "Ahaa, ndiyo maana!" Kuanzia siku hiyo jina la kwenye cheti likasahaulika. Nikawa Chai ya Rangi.

Nilijifanya sijali, lakini wacha nikwambie ukweli, iliniuma. Palikuwa na kimwana mmoja darasani kwetu niliyekuwa nimemzimikia kufa mtu. Siku nilipojikaza nikamtolea ya moyoni, alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani kaka, kwani huwa hupigi mswaki?"

Kha! Heri angenitukana. Usiku ule nilijifungia bafuni nikasugua meno kwa mkaa, nikaja na majivu, nikamalizia na chumvi na limau. Fizi zilitoka damu, kahawia haikutoka.

Nilikuja kuelewa miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda kung'oa gego. Daktari wa meno, mama mmoja wa makamo, alinifungua mdomo, akaniuliza swali moja tu, "Mpaka unafika miaka minane ulikuwa unaishi wapi?" Nilipomtajia akatikisa kichwa. "Acha kujisugua, baba. Hayo si uchafu. Jino lenyewe liliumbwa hivyo kabla halijatoka kwenye fizi."

Akanieleza habari ya floraidi. Ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na pale kwetu tumeukalia Mlima Meru. Mvua inanyesha, maji yanapenya kwenye miamba, yanayeyusha madini, yanaibukia kwenye chemchemi, visima na mito. Floraidi kidogo inasaidia meno, ndiyo maana wanaitia kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi, inaharibu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kwa miaka mingi hapa Tanzania tuliruhusu hadi miligramu 4, kabla ya kushuka na sisi kwenye 1.5. Sasa mto wetu wa Maji ya Chai umewahi kupimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 10! Na siyo Arusha peke yake. Kilimanjaro, Manyara na Singida wako watu wenye kilio hicho hicho.

Daktari akasema ngozi ngumu ya meno ya mbele ya ukubwani inajengwa mtoto angali mchanga, na kazi hiyo inaendelea miaka kadhaa wakati yeye yupo bize na meno ya utoto. Anachokunywa wakati huo ndicho kitakachoonekana akitabasamu siku ya harusi yake. Ukishavuka umri huo, hata ukihamia Dar na kunywa maji ya chupa, meno hayabadiliki. Limau na mkaa vinakula jino tu. Mwenye pesa anaweza kwenda kwa daktari akayang'arisha au kuyavisha. Na anayeyanywa maji ya namna hiyo kwa kiasi kikubwa miaka nenda rudi, hata mifupa inaweza kupinda au kukakamaa. Hapo nikawakumbuka watoto wenye matege wa mtaani kwetu, na wazee waliokuwa hawawezi kugeuza shingo. Sisi tulidhani ni uzee.

Mambo yakawa hayo. Nikaoa (siyo yule kimwana, tulia!), tukapata mtoto wa kiume. Pasaka iliyopita tukaamua kumpeleka kwa bibi yake. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne, anatembea kwa kudunda kama mlevi. Basi likatushusha Maji ya Chai kabla halijafika Arusha, mama akatupokea kwa vigelegele. Tukaingia ndani, tukapiga shikamoo, na kabla hata hatujakaa sawasawa mama akamimina maji kwenye kikombe cha mjukuu wake.

Waifu akanikazia macho. Mimi nikatazama dari.

"Mama, samahani," waifu akasema taratibu, "mtoto tumemjia na maji yake."

"Maji gani tena, mkwe wangu? Haya nimeyachemsha leo asubuhi."

Msomaji, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikaanza kujiumauma, mara miamba, mara miligramu, mara Shirika la Afya Duniani. Mama alinisikiliza kimya, kikombe mkononi. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuharibu meno?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Mama yangu alikuwa anaamka alfajiri, anakoka kuni, anachemsha maji ya kunywa kila siku ya Mungu. Majirani walikuwa wanamcheka kwamba anajidai mzungu. Watoto wa wenzake waliendesha na kutapika, sisi hatukulazwa hata mara moja. Sasa mtoto wake anatoka Dar na kumwambia yale maji hayakuwa salama!

Kuchemsha kunaua vijidudu, hilo mama alilipatia kabisa. Lakini floraidi siyo kidudu, haifi. Ukichemsha, maji ndiyo yanayopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki ndani ya sufuria. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Na huwezi kuijua kwa macho wala ulimi. Chemchemi inaweza kung'aa kama kioo na kuwa baridi kuliko friji, kumbe imejaa. Mpaka yapimwe.

Nikamwambia, "Mama, ulituokoa na kipindupindu. Hili lingine hakuna aliyekwambia." Hakunijibu. Alikwenda jikoni, na chakula cha usiku tulikila kama tuko msibani.

Usiku ule mvua ya masika ikaporomoka. Waifu, mtoto wa mjini mwenye akili zake, akatoka mbio na ndoo ya lita ishirini, akaitega chini ya bati. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba, kwa hiyo floraidi hayana, au ni kidogo mno. Ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na vinyesi vya ndege juu ya bati, halafu ukayachemsha, ni maji mazuri kwa mtoto. Asubuhi ndoo ilikuwa imejaa nusu. Tukaiingiza koridoni, tukajipongeza, tukarudi kunywa chai.

Hatukuifunika.

Sikusikia kitu, na naomba hilo ulishike vizuri. Hakuna kilio, hakuna mtu aliyeita. Nilichosikia ni mama akipiga ukelele mmoja na kishindo cha ndoo kuanguka. Nilipofika koridoni maji yalikuwa yamejaa sakafuni na mama amemkumbatia mtoto kifuani, mtoto anakohoa, ametepeta. Alikuwa amechungulia ndani ya ndoo, kichwa kikamzidi uzito, akaingia kichwa chini miguu juu. Mama alikuwa anapita kwenda kuchukua ufagio. Angechelewa dakika chache tu, leo ningekuwa naandika mengine, au nisingeandika kabisa.

Tulimkimbiza zahanati, akapimwa, akaangaliwa kutwa nzima, akaruhusiwa. Waifu alilia hadi sauti ikamkauka. Jioni tumekaa, mama akavunja kimya, "Haya wanangu. Ninyi mmenifundisha maji ya kunywa. Na mimi niwafundishe maji ya kuzamia."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka bila kuweka mkono mdomoni.

Kesho yake mkwe na mama mkwe wakaizunguka nyumba pamoja kama mapolisi. Kila ndoo ikapata mfuniko au ikapinduliwa. Pipa la nje likawekewa ubao na jiwe zito, maana mtoto wa umri ule anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda yakahamishiwa kwenye dumu lenye alama, juu ya kabati. Mtoto akiona chupa ya soda yeye anajua ni soda. Na kama ikitokea ameyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Magadi ya kulainishia maharage nayo yakapigwa marufuku, kwa sababu magadi mengi ya kuokota huko kwetu yana floraidi ya kutosha, unaichota kwenye maji unairudisha kwenye sufuria.

Kwa siku za kiangazi, mama sasa ana chujio la mkaa wa mifupa. Usishangae. Jirani kabisa na kwetu, Ngurdoto, kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia mambo haya. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa, inasagwa kuwa punje, maji yanapitishwa humo na punje zinainasa floraidi. Ila nazo zinachoka. Ukikaa nazo miaka bila kupima maji na kuzibadilisha, unajidanganya.

Ushauri wangu ni mfupi. Kama una mtoto mdogo na unampeleka kwa bibi yake, uliza maji yanatoka wapi na kama yamepimwa. Uliza kwa adabu, mkiwa wawili, siyo mbele ya wageni. Na ukishaingia ndani na elimu yako ya mjini, tazama kwanza umeiacha wapi ndoo.

Juzi mama amenipigia simu. Nilidhani ana shida ya pesa. Kumbe alitaka kuniuliza kama mjukuu wake ameshaota jino lingine. Nikamwambia ameota, tena jeupe. Lile ni la utoto, yale yenyewe tutayaona akifika miaka sita, saba hivi. Mama akasema atasubiri.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na funika ndoo!