Mashine ya Presha na Plagi Iliyokatwa

Anayefungua sehemu ya kuoshea magari Dar es Salaam huulizia mambo mawili kuhusu mashine ya presha: bei yake, na kama maji yanatoka kwa nguvu. Hapa Ujerumani ninakoishi, mfanyabiashara huyohuyo ana swali la tatu, nalo huulizwa na watu ambao hawatashika mashine hiyo hata siku moja. Nani ameipima?

Watu hao ni wa bima. Tangu sheria ya mwaka 1884, ajali za kazini hapa hulipwa na mifuko maalumu inayochangiwa na waajiri. Kijana akiumia, mfuko unamtibu na kumlipa. Lakini ikibainika kuwa bosi alizembea kupita kiasi, mfuko unaweza kumgeukia yeye na kumdai fedha zake. Ndiyo maana kwenye karakana nyingi utaona mashine za umeme zina kibandiko cha rangi chenye mwezi na mwaka wa kupimwa tena. Wajerumani si watakatifu, wanajua tu kusoma mkataba wa bima.

Hata kampuni za ukaguzi za TÜV, ambazo nyumbani tunazijua kwa nembo tu, zilianzia kwenye hasara. Mwaka 1865 boila la mvuke lililipuka katika kiwanda cha bia mjini Mannheim. Mwaka uliofuata wenye maboila wakaunda chama chao cha kuyakagua.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawalisemi, au hawalijui. Herufi CE si cheti cha maabara. Kwa mashine kama hizi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Nembo ya GS, iliyoanza mwaka 1977, ndiyo inayomaanisha kwamba mtu wa nje ameipima. Marekani ukikuta nembo ya UL, habari ni hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha CE kwenye boksi, mwambie umeiona, kisha mwulize nyingine iko wapi.

Kwa nini usumbufu wote huu kwa maji? Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi thelathini na kitu. Mashine ya kazi hutoa maji kwa psi 2,000 na zaidi. Maji hayo yakipiga kidole kwa karibu yanaingia ndani ya nyama pamoja na uchafu, na nje kinabaki kitundu kama cha sindano. Hakitoi damu nyingi, hakitishi, kijana anakifunga kitambaa anaendelea na kazi. Kumbe anahitaji daktari wa upasuaji haraka, na akichelewa anaweza kupoteza kidole. Mashine iliyopimwa hukata maji pale unapoachia kifyatulio, tena kina kizuizi kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Vijana wetu hukifunga kwa kipande cha tyubu ili mkono usichoke.

Halafu umeme. Plagi ya Ujerumani ina pini mbili za duara, na ethi yake hugusa pembeni. Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza. Mnajua tunavyofanya: kalamu inasokomezwa kwenye tundu la juu, pini mbili zinasukumwa, mashine inaunguruma. Ethi haijagusa popote. Au fundi anaikata plagi kabisa na kuunga nyaya mbili, ule wa kijani na njano anaukunja nyuma. Mashine iliyopita maabara zote za Ulaya inapoteza ubora wake hapo, mikononi mwa mtu aliyesimama majini na ndala.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, Shirika la Viwango (TBS) lipo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na waajiri kama huku. Tofauti ni kwamba muosha magari mara nyingi hulipwa kwa gari, hana mkataba, na jina lake halipo kwenye orodha ya michango. Akiumia, hakuna bima ya kumwuliza bosi alinunua mashine gani. Gharama inaangukia kwa mama yake. Kwa hesabu hiyo, mashine feki ni rahisi kweli.

Mdogo wangu anataka kuanza biashara hii Mbezi. "Kaka, kuna mpya za bei poa Kariakoo na kuna mtumba wa huko kwenu, nichukue ipi?" Nikamwambia mtumba sawa, ila kabla ya gari la kwanza fundi umeme mwenye leseni afunge plagi ya pini tatu, apime ethi ya jengo, na aweke kile kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Na mpira wa maji na bunduki yake vikaguliwe, maana havijulikani vimetumika miaka mingapi. Alikaa kimya kidogo, akanijibu kwamba ukijumlisha yote hayo mtumba si rahisi tena. Sasa anaulizia bei ya mpya yenye GS.