Fowadi na alama zake za kwanza

Najua nimepotea. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, na Jumanne msimamizi alikuja bila kusema, akakaa nyuma ya darasa dakika ishirini hivi, akaandika, akaenda. Alama alizonipa siziweki hapa.

Usiku rumeti akaona sura yangu, akafungua laptop: mechi za kwanza za Maro Itoje na England, 2016. Tukabishana mpaka saa nane. Yeye anasema jamaa alikuwa moto tangu siku ya kwanza. Mimi namwambia wewe unajua mwisho wa hadithi, kwamba 2025 aliongoza Lions kule Australia, ndiyo maana kila akigusa mpira unapiga kelele.

Haya, tuangalie polepole. Februari 2016 aliingia Roma kutoka benchi, England ikashinda 40-9. Hapo utampa alama gani? Wiki mbili baadaye akaanza dhidi ya Ireland. Halafu Machi 12, Twickenham, dhidi ya Wales, akawa mchezaji bora wa mechi. Miaka 21, na bado anasoma siasa pale SOAS, London. Mwanafunzi kama sisi! Hiyo tuliirudisha mara tatu. Wengi wanakumbuka alivyopasua ukuta wa Wales kabla ya Anthony Watson kufunga trai. Mimi nilimkodolea macho mpira ukirushwa kutoka pembeni: ananyanyuliwa juu, mkono mrefu, mpira wa Wales unaharibika. Fowadi wa safu ya pili kazi yake ni hiyo, siyo kukimbia kama winga.

Lakini pembeni yake alikuwa George Kruis, mwenzake wa Saracens, wamezoeana. Na mwaka huo England haikupoteza hata mechi moja. Kwenye timu inayoshinda kila siku, makosa yako nani atayaona? Hata kocha Eddie Jones mwanzoni alimfananisha na Vauxhall Viva inayotakiwa kugeuzwa BMW.

Kwangu mimi mtihani wenyewe ulikuwa Dublin, Machi 2017. England imeshinda 18 mfululizo, Itoje amevalishwa jezi namba 6, ubavuni, siyo kwake kabisa. Wakapigwa 13-9. Miezi mitatu baadaye yuko New Zealand na Lions. Mechi ya kwanza anatokea benchi, wanapigwa 30-15. Ya pili anaanza, wanashinda 24-21. Hapo ndipo nilipomkubali.

Rumeti akauliza, "Kwa hivyo mtu unampima akiwa mahali si pake, tena anapigwa?"

Nikasema ndiyo, halafu uone anarudi vipi.

"Hiyo ni Itoje ama ni wewe?"

Sikujibu. Masomo yangu ni Kiswahili na historia. Jumanne nilikuwa nashikilia kipindi cha hesabu cha mwalimu ambaye hakufika.

Msimamizi anarudi wiki ijayo. Naandaa ngeli.