Boti Haikutembea

Mwezi wa nane nilimtumia Baba rangi ya boti. Nusu ya mshahara wangu iliishia humo, na nikamlipa fundi wa Kilifi aipake, maana Baba angeipaka kwa brashi ileile ya kupakia milango. Jioni hiyo alinipigia simu akicheka. "Mwanangu, hii ni rangi ama ni losheni? Inateleza!"

Kama hukukulia pwani, pengine hujui kwa nini mtu atumie hela zote hizo kwa sehemu ya chombo ambayo haionekani. Kitu chochote ukikiacha baharini, kinapata wapangaji. Kwanza ni ute, halafu mwani, halafu vile vikombe vidogo vyeupe vyenye makali ya wembe. Boti inakuwa nzito na petroli inakwisha kabla ya kufika kwenye samaki. Utotoni, wakati wa bamvua maji yakipwa, Baba alikuwa akiilaza boti mchangani, nasi watoto tunaikwangua hadi vidole vinatoka damu. Mimi bado nina kovu kwenye kidole gumba.

Kila kizazi kilikuwa na dawa yake. Babu alipaka tumbo la jahazi deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na juu ya maji akapaka sifa, mafuta ya ini la papa. Harufu yake si mchezo. Wazungu walijaribu shaba. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika HMS Alarm kwa mabati ya shaba upande wa chini. Katika karne iliyopita ikaja rangi yenye TBT, sumu iliyotengenezwa kwa madini ya bati, na hiyo ilifanya kazi kweli kweli. Shida ni kwamba haikukaa kwenye meli tu. Kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wa kufugwa walianza kuota makombe manene yaliyopinda. Kwingine konokono wa kike wakaota viungo vya kiume. Ufaransa ilianza kuizuia mwaka 1982 kwa boti zisizofika mita 25. Mkataba wa kimataifa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008.

Rangi niliyonunua mimi ni ya silikoni. Haitegemei sumu. Ni polima laini, inanyumbuka kidogo kama mpira, na gundi ya wale wapangaji haiishiki vizuri. Wanaweza kujibandika, lakini kwa ulegevu, na chombo kikikimbia maji yanawabandua. Nilipenda sana wazo hilo. Nilimweleza kila mtu ofisini hapa Nairobi, hata wasiojua kuogelea.

Kila Jumapili nikipiga simu namuuliza, "Boti inaendaje?"

"Inaruka, mwanangu. Twashukuru."

Namtumia hela ya petroli kwa M-Pesa, nalala vizuri.

Desemba nikaenda nyumbani. Kabla hata ya kuingia ndani nilishuka pwani kuangalia kazi yangu. Maji yalikuwa yamepwa na boti imelala ubavu. Chini ilikuwa na ndevu za mwani, na vile vikombe vyeupe vimeitapakaa kama upele. Nilipandwa na hasira. Nikatoa simu nimpigie aliyeniuzia. Nilikuwa nimeshapanga na matusi.

Kabla ya kupiga nikafungua maelezo ya rangi niliyokuwa nimeyahifadhi, nipate ushahidi. Yalikuwa yanasema wazi kwamba rangi hii ni ya vyombo vinavyotembea mara kwa mara. Chombo kikisimama muda mrefu, hakuna maji yanayopita kwa nguvu ya kubandua chochote.

Nikaiangalia kamba ya nanga. Nayo ilikuwa imeota mwani, mnene kama mkono wangu.

Nilimkuta Baba barazani. "Shikamoo Baba."

"Marahaba." Aligeuza kichwa kuifuata sauti, halafu ndipo akatabasamu.

"Baba, hujaenda baharini tangu lini?"

"Nani kakwambia?"

"Boti."

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema ni macho. Jicho la kulia lina ukungu, la kushoto nalo linafuata. Mwezi wa tisa alirudi alfajiri akakaribia kupanda mwamba anaoujua tangu ana miaka kumi. Hakutoka tena. Hela za petroli ndizo zilikuwa zinanunua unga. Mama alijua, lakini alikatazwa kuniambia. "Wewe una mambo yako Nairobi," alisema, kama mtu anayenifanyia hisani.

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemuuliza habari za boti kwa miezi minne. Habari zake yeye sikumbuki kama niliwahi kuuliza nikangoja jibu.

Asubuhi iliyofuata tulishuka na ndoo na sponji. Nilimwambia asilete chuma cha kukwangulia, kitaikata silikoni. Akaguna, hakuniamini. Akapapasa ubavu wa boti mpaka akapata kikombe kimoja, akakisukuma kwa kidole gumba. Kikatoka chote, pakabaki laini.

"Ala!" Akasukuma kingine. Akakisogeza karibu kabisa na jicho la kushoto, akakigeuzageuza. "Kwa hiyo rangi yako si mbovu."

"Si mbovu."

Tuliisafisha yote kabla maji hayajajaa. Hakuna aliyetoka damu.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake si mkubwa. Baba amekubali kwa shingo upande. Atakwenda, anasema, akishabadilisha ile kamba ya nanga. Kamba nimeibadilisha mimi jana.