Kutoshea na Kufaa

Walionena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda hawakuwahi kulima viazi Keringet. Msimu ambao bei ilianguka, mkulima mmoja mzee alikuta tairi za pikapu yake mpya zimelika hadi nyuzi, naye mfukoni hana kitu. Nyuma ya ghala ilikuwapo pikapu kongwe, rimu zake za inchi 15 badala ya 16, tairi zake nyembamba na fupi. Akaagiza magurudumu yahamishwe.

Fundi aliliinua gari kwa jeki. Matundu sita ya nati yalilingana barabara. Akalizungusha gurudumu kwa mkono. Rimu ikapita karibu na breki bila kuigusa.

"Yametoshea," akasema mzee.

"Yametoshea, mzee, lakini hayafai. Kipenyo kimepungua sehemu moja ya kumi. Mita ya mwendo ikisoma 80, wewe unakwenda 72. Tena tairi hizi hazikuundwa kwa uzito wa gari hili na shehena yako."

Mzee alinyamaza. Miaka nenda miaka rudi aliwalaani madalali wa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba libebe viazi visivyolipiwa. Hata baada ya kanuni za mwaka 2019 kuweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, aliendelea kuliona shambani mwake. Sasa kipimo cha uongo kilikuwa mbele ya usukani wake mwenyewe.

"Yafungue," alisema hatimaye.

Viazi vilisubiri siku tatu. Alfajiri ya pili, mzee alimswaga mtamba wake kuelekea sokoni.