Herufi Tano, na Q Iwemo

Nilimdanganya mara tatu. Ya kwanza kwa simu, ya pili kwa maneno mengi, na ya tatu kwa neno moja tu. Hilo moja ndilo linaloniuma.

Jirani yangu hapa Small Heath, Birmingham, ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Alitua Uingereza mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, akaja kufanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge hadi kilipofungwa 2005. Kiswahili chake ni cha dukani, ngeli zote alizitosa mtoni Nile, lakini ana hamu nacho kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Siku niliyohamia alinisikia ngazini nikizungumza na mama kwa simu, akafungua mlango. "Wewe natoka wapi? Mombasa? Ingia, kunywa chai." Tangu hapo kila Jumamosi jioni ni Scrabble.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: vigae 100 vya herufi, mkononi unashika saba, unapanga maneno kwenye ubao wa visanduku 225. Herufi adimu ina alama nyingi. Q ni moja tu na ina alama 10. K pia ni moja tu, kwa hiyo usijisumbue kuucheza kwa Kiswahili. Hata "kaka" itakushinda usipopata kigae kitupu. Wiki ya kwanza Mzee aliweka MZEE. Nikacheka, nikamwambia hilo si neno la Kiingereza. Hakubishana. Alivuta orodha ya Collins wanayotumia wachezaji, akanionyesha kwa kidole: limo, na matatu imo, na ugali, na uhuru. Nikaanza kucheza kwa hofu. Mtu wa Jinja ananishinda Kiingereza kwa maneno ya kwetu!

Alikuwa na sharti lake: ukiweka neno, taja maana. Yeye huliandika kwenye daftari lenye jalada jekundu, neno kwa herufi kubwa, maana kwa Kigujarati. Sharti hilo halimo katika kanuni za mchezo. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakisemi. Alikariri maneno tu. Nilipomsimulia Mzee, alikunja uso. "Hiyo si kucheza. Hiyo kuhesabu."

Basi Jumamosi moja nikapata zamu ya kuanza, na mkononi nina U, M, I, A, Q, Y, T. Nikazitazama mpaka zikanichosha. Nikasema naenda kutia maji ya chai. Jikoni nikatoa simu. Kuna programu unayoiambia urefu wa neno na herufi unazotaka, nayo inakumwagia orodha, kila neno na maana yake chini. Nikaandika: herufi tano, Q iwemo. Yakashuka maneno ambayo ningeyajua hata usingizini: faqir, qibla, talaq, niqab. Fakiri, kibla, talaka! Maneno ya chuoni kwetu, nayasaka kwa simu kwenye jiko la Birmingham. Bahati mbaya herufi zake sikuwa nazo. Chini zaidi nikaliona: UMIAQ. Nikataka kusoma maana, Mzee akaita kutoka sebuleni, "Majani usizidishe!" Nikaitia simu mfukoni.

Nililipanga kuanzia kwenye nyota ya katikati, Q ikaangukia kisanduku cha buluu kinachozidisha herufi mara mbili, na nyota nayo ikazidisha neno zima mara mbili. Alama 52 kwa mkupuo.

"Umiaq," Mzee akasoma, kalamu tayari. "Nini hii?"

"Kofia," nikasema. "Kofia ya manyoya. Ya watu wa kule kwenye barafu."

Akalitamka mara tatu huku akiandika. Nikamshinda kwa alama 31.

Januari theluji ikaanguka. Nikamkuta kituo cha basi, Coventry Road, amevaa kofia ya manyoya yenye masikio yanayoning'inia. "Angalia umiaq yangu!" Nikamwambia imempendeza, na kweli ilimpendeza.

Wiki ileile akagonga mlango wangu. Mjukuu wake anayesoma chuo kikuu alikuwa amemwambia mbele ya meza nzima kwamba umiaq ni mashua, watu wakacheka. "Mimi nasema hapana. Kijana ya Mombasa hawezi kosa. Kitabu nakataza kufungua." Akanitazama. "Ni kofia, sivyo?"

Funguo ziko mkononi, kazini nachelewa.

"Ndiyo, Mzee."

Usiku, baada ya zamu, ndipo nilipoisoma ile maana. Ni mashua ya wazi ya Wainuiti wa Aktiki, mifupa ya mbao iliyovikwa ngozi za wanyama wa baharini. Ngozi zenyewe hushonwa, kama mtepe wetu wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba. Nikazikumbuka tena zile herufi saba na nikaona aibu nyingine: QUAY ilikuwamo. Gati. Baba yangu kapakua mizigo gatini Kilindini miaka yote ya utoto wangu, na mimi sikuliona. Lingenipa alama 32 za halali.

Jumamosi nikamweleza yote, tangu jikoni. Alivua miwani. "Mtoto nilimgombeza," akasema, basi. Hakuniuliza kwa nini.

Akafungua daftari jekundu. "Hii nani nasema? Wewe. Hii? Wewe." Maneno tisa yalikuwa yangu. Matano niliyajua kweli. Manne tuliyatafuta kwenye kamusi, moja baada ya jingine, naye akikata na kuandika upya kwa Kigujarati chake, mpaka chai ikafanya utando. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa matokeo ya jioni ile, akachora mstari juu ya 52, akahesabu kwa midomo. Alikuwa amenishinda kwa 21.

"Sasa nenda chemsha chai ingine," akasema. "Simu acha hapa."