Daftari la Wengi

Mali bila daftari huisha bila habari. Ndugu mtahiniwa, methali hii umeikariri kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili. Nataka uione ikifanya kazi mahali pengine: ndani ya kompyuta, pale watu wengi wanapoandika programu moja kwa pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye pamba. Mtoto wa mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa thamani ya daftari la chama cha msingi. Kilo huandikwa mkulima akiona, pamoja na jina na tarehe, naye huondoka na stakabadhi. Karani mwadilifu hafuti. Akikosea, hukata kwa mstari mmoja, huandika tarakimu sahihi pembeni na kutia saini.

Leo kazi yangu ni kuandika programu, na kanuni ni zilezile. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja. Chukua mfano wa OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na kliniki za Eldoret, Kenya, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia. Waandishi wake wametawanyika katika nchi nyingi, lakini msimbo wao hukaa katika hifadhi za pamoja. Mfumo unaotumika zaidi kutunza hifadhi za namna hii unaitwa Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko huwekwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, saa na maelezo yake. Kitendo hicho tunakiita kukomiti.

Jina na tarehe Git hujiandikia yenyewe. Maelezo ni juu yako, na hapo ndipo wengi huteleza. Katika kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi, tulitengeneza programu ya kupimia pamba. Mwenzetu mmoja aliweka badiliko lililogusa mafaili 40, na maelezo yake yalikuwa neno moja tu: "Marekebisho". Humo ndani, uzito wa gunia tupu ulikuwa unakatwa mara mbili. Gunia tupu likiwa na kilo 1, mkulima wa magunia 30 alipunjwa kilo 30. Aliyegundua ni mama mmoja aliyekuwa amepima mzigo wake nyumbani kabla ya kuuleta. Git ilitutajia mara moja nani alibadili na lini. Kwa nini alibadili, na wapi hasa, ilitubidi kusoma mafaili yote 40 kwa siku mbili, huku foleni ya wakulima ikisubiri.

Kwa hiyo shika mazoea haya. Kwanza, kabla ya kuanza kazi, chukua toleo jipya kutoka kwenye hifadhi, usije ukajenga juu ya msingi ambao wenzako wameshaubadili. Pili, badiliko moja libebe jambo moja. Tatu, soma upya ulichobadili, mstari kwa mstari, na uijaribu programu kabla ya kukomiti. Nne, eleza ulichofanya na sababu yake. "Kukata uzito wa gunia mara moja tu, kwa kuwa mizani tayari imeuondoa" ni maelezo. "Marekebisho" si maelezo. Tano, usiweke nywila katika hifadhi, kwa sababu hata ukiifuta kesho, toleo la jana bado linayo. Sita, historia ambayo wenzako wameshaichukua usiibadili. Ukikosea, weka badiliko jipya la kusahihisha, kama yule karani na mstari wake.

Je, vipande vidogo vina faida gani? Kumbuka somo la vipeo. Tuseme kuna mabadiliko 64, na mojawapo limeleta hitilafu. Jaribu toleo la katikati: likiwa zima, tatizo liko mbele yake, likiwa bovu, tatizo ni lenyewe au liko nyuma yake. Kila jaribio hubakiza nusu. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, majaribio 6 yanatosha kulikamata. Lakini likiwa ni badiliko la mafaili 40, utalikamata kisha uanze kutafuta upya ndani yake.

Huenda shuleni kwenu hakuna kompyuta. Zoezi hili linahitaji kalamu tu. Umebadili programu ya matokeo ya shule ili isipokee alama inayozidi 100. Andika maelezo ya badiliko hilo kwa sentensi moja, kisha mpe jirani yako asome. Akikuuliza "Kwa nini?", andika upya.