Lango Lisiloitika Hodi

Tangu jadi, mlango wa Mswahili ni mahali pa mazungumzo. Mgeni husimama nje, akapiga hodi, akangoja. Mwenyeji akaitika karibu, nao mlango ukafunguliwa. Aliyepiga hodi mara tatu asiitikiwe alijua la kufanya: alirudi alikotoka bila kinyongo. Siku hizi, katika mitaa mingi ya mijini, hodi imehamia katika ncha ya kidole. Mtu husimama mbele ya kibao kidogo chenye vitufe kumi, akabonyeza namba nne za siri, na lango la chuma likajisogeza lenyewe kando. Je, lango hilo lisipoitika, mtu afanye nini? Na je, atapewa maelezo kwa lugha gani?

Mkomani, katika bara la kaskazini la Mombasa, ni mtaa unaofaa kuulizia maswali hayo. Mtu huufikia kwa kuvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Jirani yake ni soko la Kongowea, na hapo karibu ni Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani yaliyoasisiwa katika miaka ya 1870. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa ili kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi waliotaka kuwarejesha utumwani. Mlinzi wa enzi hizo alikuwa kamba na mkono wa kuivuta, na aliyesoma na asiyesoma waliielewa sauti yake sawasawa. Leo maghorofa yamechipuka Mkomani, na si haba yaliyo na malango ya umeme.

Katika mojawapo ya majumba hayo palikuwa na bawabu wa umri wa makamo, mzaliwa wa Kaloleni. Alipoajiriwa alikabidhiwa kirungu, kurunzi, daftari la wageni na kopo la bati lenye vikorokoro vilivyoachwa na mafundi waliolitia lango: skrubu, vipande vya waya, kijitabu cha maelezo na ufunguo mmoja mdogo. Kijitabu kilikuwa cha Kiitaliano na Kiingereza. Ufunguo haukuingia katika kufuli yoyote aliyoijua. Kwa kuwa cha mtu hakitupwi, alivitunza vyote kwa muda wa miaka mitatu.

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Kwa saa kadhaa lango liliendelea kufunguka na kufungika, hata pasiwe na mtu wa kulitilia shaka. Saa nane za usiku, mama mmoja wa ghorofa ya pili alishuka mbio akiwa amempakata mtoto aliyekuwa akiwaka homa na kushikwa na degedege. Kijilango cha waendao kwa miguu kilikuwa wazi, lakini gari lilikuwa ndani ya ua, na huko nje hapakuwa na tuktuk wala bodaboda. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja. Baba mtoto alizibonyeza namba. Kimya. Akazibonyeza tena, mara hii kwa nguvu, kana kwamba lango lina uziwi. Majirani walikusanyika na kuanza kubishana. Mmoja alishikilia kuwa namba ilibadilishwa mwezi uliopita. Mwingine akaapa kuwa ya mwisho ni saba wala si nne. Mwenye jumba alikuwa safarini, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Bawabu ndiye aliyemkumbuka fundi mmoja kijana mwenye kibanda karibu na soko la Kongowea. Akampigia simu.

"Mwanangu, samahani kwa kukuamsha. Lango limekataa, na hapa pana mgonjwa."

"Poleni, mzee. Ukizibonyeza zile namba, zinawaka taa?"

"Haziwaki kabisa."

"Na rimoti?"

"Wamejaribu mbili. Hapana kitu."

"Basi waambie wasizibonyeze tena. Kosa si la namba. Lango lenyewe halina umeme, na betri yake imekwisha. Kwenye lile sanduku la mota, ubavuni, pana tundu dogo la ufunguo. Ufunguo wake unao?"

Mzee alinyamaza. Kisha akaenda kibandani mwake na kulimwaga kopo zima sakafuni. Ule ufunguo mdogo uliingia tunduni bila taabu. Akauzungusha, akavuta kishikio kama alivyoelekezwa, nayo meno ya mota yakaachana na meno ya lango. Wanaume wawili wakalisukuma kwa mabega, gari likatoka, na mtoto akafika kwa daktari akiwa hai. Ufunguo bawabu alikuwa nao kwa miaka mitatu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia jina lake na kazi yake.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinafaa kutazamwa kwa makini. Fundi hakuja na mkoba wa vifaa. Alikuja na maswali yaliyopangwa, kila moja likifunga njia moja ya makosa na kuacha nyingine. Swali la kwanza kwa mtu mwenye kibao kisichoitika ni hili: je, kilichonyamaza ni kibao peke yake, au ni lango zima? Rimoti ikilifungua lango, mota ni nzima na umeme upo, kwa hiyo kosa litafutwe katika kibao. Ikiwa rimoti nayo haifui dafu, kibao hakina hatia. Pa kutazama ni swichi kubwa, fyuzi, na betri ya akiba. Betri hiyo, ambayo aghalabu ni ya risasi na asidi yenye volti 12, hudumu miaka michache tu, na joto huipunguzia umri. Hii ndiyo sababu lango la Mkomani liliweza kuwahadaa watu tangu magharibi hadi usiku wa manane.

Swali la pili ni la taa. Ikiwa vitufe haviwaki vinapobonyezwa, kibao hakipati nguvu. Vibao vingine hubeba betri ndogo ndani yake, na dawa yake ni kuibadilisha. Vingine hulishwa kwa waya kutoka kwenye mota. Hapo ndipo pwani huwa na ushuhuda wake. Hewa ya bahari hubeba chumvi, nayo chumvi hula viungo vya shaba hadi vikavaa utando wa kijani usiopitisha umeme vizuri. Sisimizi na mijusi nao hupenda joto la masanduku hayo. Fundi mwangalifu hukata umeme kwanza, kwa kuwa waya uingiao kwenye mota una volti 240, kisha ndipo hufungua, hukwangua na kukaza.

Swali la tatu huja iwapo taa zinawaka lakini lango halisogei. Huenda ujumbe haufiki, au umefika na haukutambuliwa. Vibao vya aina fulani hujifunga kwa dakika kadhaa mtu anapokosea namba mara nyingi, hivyo kubonyeza kwa hamaki ni kuongeza kufuli juu ya kufuli. Huenda pia kipokezi kimesahau namba na kinahitaji kufundishwa upya. Ama lango linalofunguka lakini likakataa kufungika, hilo ni jambo jingine kabisa: yatazamwe yale macho mawili yaliyo kwenye nguzo, kwani utando wa buibui au jani moja hutosha kuyaziba.

Tena kuna kosa lisilolalamikiwa na mtu. Vitufe vinne vibonyezwavyo kila siku huchakaa na kufutika kuliko vingine. Mwizi akiviona, hahitaji tena kubahatisha kati ya namba 10,000. Tarakimu nne tofauti zina mipangilio 24 tu. Kubadilisha namba ya siri mara kwa mara ni kinga ya kitufe na ya nyumba pia.

Sasa yaangaliwe maneno aliyoyatumia fundi usiku ule: zile namba, taa, sanduku la mota, tundu la ufunguo. Hakuna hata moja lililomshinda mzee. Kiswahili hakijapata kuwa maskini wa msamiati wa milango. Kina komeo, kiwi, kitasa, tumbuu, mfaa na kizingiti, na kila neno lina kazi yake. Hata katika teknolojia ya kisasa juhudi zimefanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Kenya nao wamejadili kwa ari kama kompyuta iitwe tarakilishi, na kama neno la siri liitwe nywila. Mijadala hiyo ina faida yake. Hata hivyo, istilahi iliyokaa katika kamusi bila kuingia katika sentensi ya maelezo haimfikii bawabu.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa Mkenya husoma Kiingereza, kwa hivyo kijitabu kilitosha. Usiku ule waliokijua Kiingereza walikuwa ghorofani, na kijitabu kilikuwa chini kwa asiyekijua. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautakamilika bungeni na mahakamani pekee iwapo haujafika penye mota, mtungi wa gesi na chupa ya dawa, mahali ambapo kutoelewa sentensi moja kunaweza kugharimu uhai.

Hapa pana kazi ambayo vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuifanya bila kusubiri fedha za mtu. Wanafunzi wawili wakae na fundi mmoja mchana mmoja, wamsikilize asemavyo, waandike nusu ukurasa, kisha wamsomee bawabu na kufuta kila neno litakalomkwaza. Karatasi ya Mkomani ingeweza kusema hivi: "Namba zisipofungua lango, jaribu rimoti. Rimoti nayo ikishindwa, umeme hakuna, usibonyeze tena. Chukua ufunguo mdogo ulio kwenye msumari huu. Uingize katika tundu lililo ubavuni mwa sanduku la mota, uzungushe, vuta kishikio, kisha sukuma lango kwa mkono. Umeme ukirudi, rudisha kishikio na ufunge." Maneno hayo hayafiki hamsini. Yangebandikwa ukutani kibandani, na chini yake pakapigiliwa msumari wa kutundikia ufunguo.